Kiti cha Bibi Yako Mlangoni

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Chang'ombe mimi ni mzima, goti tu linasumbua. Shangazi yako amehamia Miyuji, siku hizi hupita Ijumaa kwa Ijumaa.

Umeuliza mbona tivii yangu ya flati imekufa tangu Ramadhani, na mimi ndiye fundi wa mtaa mzima.

Nilipokuwa kijana nilifungua tivii ya kichogo ya mteja. Nilichomoa plagi, nikadhani inatosha. Sikusubiri, wala sikupima kwa mita. Umeme uliobaki kwenye kapasita ukanirusha hadi ukutani. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa anasonga ugali. Alikuja na mwiko mkononi, akanikuta chini, sauti haitoki. Akakaa nami mpaka nikaweza kumwita kwa jina.

Tangu siku hiyo hakukubali nifungue tivii peke yangu. Aliweka kiti mlangoni, akawa anachambua mlenda huku akiuliza, "Umechomoa? Umesubiri? Umepima?" Nisipojibu, anarudia. Wateja walikuwa wanacheka, nami nilikuwa naudhika.

Hizi za flati nazo hubaki na umeme vilevile. Basi juzi nilichomoa plagi, nikashika bisibisi, nikajikuta nangoja aulize. Nyumba ilikuwa kimya. Nikairudisha bisibisi mahali pake.

Kiti bado kiko palepale mlangoni. Ukija likizo, kaa hapo. Maswali unayajua sasa.

Babu yako