Waliochimba Mfereji

Kibaoni, 4 Agosti 2024

Mwanangu Fabiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua kila siku na kila siku linadanganya. Wewe na mkeo Imakulata mnaendeleaje huko Nsemulwa?

Huku kikundi chetu cha maji kinataka kupasuka. Mwenyekiti Gervas anatangaza kwamba mfereji ulichimbwa na ukoo wake peke yao, kwa hiyo katiba mpya iwape wao maji ya kwanza, na sisi wenye mashamba ya mwisho tusubiri masalio. Mpunga haunywi masalio! Mkutano ni Novemba. Mimi niliyeshika chaki miaka thelathini nimeandika historia ya kweli: aliyechimba ni baba yangu, babu yako unayebeba jina lake. Wewe mwalimu wa historia uipitie, urekebishe herufi tu.

Shangazi yako,
Rozalia

Nsemulwa, 11 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Milele amina. Sisi hatujambo, Imakulata anasema pole kwa goti lako.

Nimeisoma. Kiswahili ni kitamu, lakini nani aliona? Ulizaliwa maji yakiwa tayari yanatiririka. Gervas anawasifu baba zake, nawe unamsifu wako. Hapo mmetoka sare.

Kuna mwanahistoria wa kale ninayewasimulia wanafunzi wangu. Jina lake linavunja ulimi, tumwite Mgiriki. Roma ilichukua watu elfu moja wa nchi yake bila kesi, naye akiwemo, akakaa mateka miaka kumi na saba. Alipokuwa huko akajiuliza: hawa wametutawalaje? Akaandika vitabu arobaini. Alimcheka mwenzake aliyeandika vita akiwa amekaa maktaba. Yeye alipotaka kueleza habari za jemadari aliyevuka milima ya barafu akiwa na tembo, aliipanda milima hiyo kwa miguu yake na kuwauliza waliokuwepo. Nawe nenda ukaulize, shangazi.

Mwanao,
Fabiani

Kibaoni, 29 Septemba 2024

Fabiani,

Tumsifu Yesu Kristo. Wiki saba sijakuandikia kwa sababu nilikasirika. Nilisema, mtoto niliyembeba mgongoni leo ananifundisha kwa mdomo wa Mgiriki!

Hasira ilipopoa nikaenda kwa Bibi Nyanzala. Kati ya wasichana waliowapelekea wachimbaji uji, amebaki yeye tu. Tumepanda na mfereji hadi kwenye chanzo, siku mbili, yeye na fimbo, mimi na daftari. Kila kipande anamjua mchimbaji wake. Koo saba, mwanangu! Ukoo wa Gervas walichimba penye mawe, kazi ya kiume kweli, na nimeandika hivyo.

Nikamuuliza, na baba yangu je? Akatazama pembeni. Baba alichimba siku tatu, akatupa jembe, akaingia porini kurina asali. Akarudi maji yakiwa shambani. Nimelia njia nzima. Nikilisoma hilo, Gervas atanicheka mbele ya kijiji. Nikilificha, anayejua ni bibi wa miaka tisini tu. Nifanyeje?

Shangazi yako,
Rozalia

Nsemulwa, 3 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Milele amina, na pole sana. Sisi wazima.

Mgiriki alishikilia kwamba kumpenda ndugu ni wema, lakini ukikaa kuandika historia, msifu hata adui akistahili, na mlaumu hata ndugu akikosea. Naye aliwaandika viongozi wa kwao kuwa ndio walioiponza nchi. Liandike. Jina hilo ni langu pia, nami nakubali lisomwe.

Kuhusu katiba: aliona nguvu ya Roma ni kwamba hakuna aliyeshika rungu peke yake. Wakuu wawili waliongoza vita kama wafalme, baraza la wazee lilishika hazina, wananchi walichagua na kuhukumu. Kila upande uliuhitaji mwingine na kuuogopa. Mkuu akiachwa peke yake hugeuka dikteta, wazee wakiachwa hugeuka walafi, na umati ukiachwa huzaa vurugu. Mpeni Gervas wenzake wa kumwangalia.

Mwanao,
Fabiani

Kibaoni, 24 Novemba 2024

Baba yangu Fabiani,

Tumsifu, tumsifu, tumsifu! Hali yako nitaiuliza baadaye. Tumeshinda!

Mkutanoni, wiki mbili zilizopita, nilianza na baba: alichimba siku tatu, akakimbia. Watu wakaangua kicheko. Gervas akasimama: "Nyie mmesikia? Mtoto wa mtoro anataka kutupangia maji!" Nikaendelea kusoma. Nilipofika penye mawe nikausifu ukoo wake, akaketi. Nikazitaja koo zote saba. Ndipo baba mdogo wa Gervas, mzee Optatus, akainuka. "Huyu mama amemuumbua baba yake mzazi mbele yetu," akasema. "Sasa atudanganye sisi apate nini? Ndivyo ilivyokuwa. Mfereji ni wa wote."

Vigelegele ulivyovisikia huko Nsemulwa ni vyetu. Katiba imepita, mikono mia moja arobaini, waliopinga sita. Mwenyekiti anasimamia kazi, wazee wa koo saba wanapanga zamu, mkutano unaweza kumwondoa yeyote. Gervas tumemwachia uenyekiti, na siku hizi anasalimia watu vizuri.

Wakaniuliza niwekwe zamu ya ngapi. Nikasema ya nane, ya mwisho, maana waliochimba ni koo saba na baba alikimbia, ndivyo nilivyoandika mwenyewe. Mwaka wa mvua chache kama huu maji hayajawahi kufika kwangu, baba, hata mara moja. Leo tumetoka misa nikayakuta shambani. Nimeingia na viatu vya kanisani, nikapiga vigelegele peke yangu mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Shangazi yako,
Rozalia