Tarishi Hana Ulimi

Ibadan, Ijumaa baada ya swala

Dada yangu Silifatu,

Assalamu alaikum. Nakulalia kifudifudi kutoka huku, kama mdogo anavyomlalia mkubwa wake, na najua ungekuwa hapa ungeshasema, “Inuka, Rafiu, Mungu akubariki,” kabla tumbo langu halijagusa sakafu. Magoti yanaendeleaje? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Muinatu anakusalimu. Bado anawalalamikia majirani kwamba aliolewa na mtu wa ofisi, sasa analala na mtu wa kelele.

Uliniuliza kwa nini, nikiwa na miaka hamsini na miwili, niliacha utarishi nikaenda kujifunza ngoma ya kwapani, ile inayosema kama mtu, kwa Baba Ayankunle. Nikakujibu ni mapenzi ya tangu utotoni. Ni kweli, unakumbuka baba yetu alivyonivunjia kile kigongo cha kupigia akisema sisi si ukoo wa ngoma. Ayankunle naye alinicheka mwaka mzima, eti nagonga ngoma kama nagonga muhuri. Lakini kweli ile, dada, haikuwa nzima.

Unalijua lile faili la kiwanja lililopotea. Mkuu wetu, Alhaji Olaniyan, alisema nimelipoteza mimi, akanilaza kifudifudi mbele ya ofisi yote. Mimi, niliyemzidi miaka sita! Akaenda kunywa chai, asiniambie inuka. Na asiyeambiwa inuka, haondoki. Nililala pale mpaka adhuhuri ikanipita. Wiki ya pili nikalikuta faili kwenye droo yake. Nilipomwuliza, alicheka, akasema nani atamsikiliza tarishi. Tarishi hana ulimi. Basi nikaenda kuutafuta.

Mwezi uliopita alimwoza binti yake, na waliokodiwa kupiga ni kundi la Ayankunle. Alhaji aliponiona aliwaambia wageni kwa sauti kwamba tarishi wake siku hizi ni ombaomba wa harusini. Nikatabasamu. Yeye amelelewa Kaduna. Kiyoruba anakisema, lakini lugha ya ngoma haijui sawasawa. Na ngoma yetu haina herufi, ina kupanda na kushuka kwa sauti tu, kwa hiyo sentensi moja inaweza kusikika mbili. Nikapiga. Yeye, aliyezoea sifa za harusini, alisikia, “Alhaji ana moyo mweupe,” akatanua kanzu yake ya lesi na kucheza. Wazee walisikia, “Alhaji ndiye aliyelificha faili.” Walianza kuficha vicheko kwenye leso, naye akadhani wanamfurahia, akazidi kukata kiuno.

Mama yake, kizee wa miaka tisini, ndiye aliyeinua mkono. Akaniuliza ngoma imesema nini. Dada, nafasi ya kukana ilikuwa wazi kama mlango. Nilisema, “Mama, imesema ulivyosikia.” Akamwuliza mwanawe kama ni kweli. Alhaji akasema kwa kigugumizi kwamba faili lilikuwa kwenye droo kwa bahati mbaya. Bibi akaniuliza miaka yangu, kisha akamwambia, “Basi mlalie mkubwa wako.” Akalala, lesi nyeupe na yote, palipomwagika mchuzi wa ugali wa amala.

Watu watakuambia nilikawia kumwinua kwa sababu nilikuwa nakaza kamba za ngoma. Uongo. Wewe peke yako nakuambia: niliipiga ile sentensi tena, yote, polepole, mara tatu, naye yuko chini, mama yake akilia. Ndipo nikasema inuka. Sentensi ile ndiyo niliyoiachia kazi, ndiyo niliyoifanyia mazoezi miaka miwili. Nimemwomba Mungu msamaha kwa machozi ya yule bibi. Kwa mengine bado sijaomba, na kila nikisujudu nangoja moyo uniambie niombe. Hauniambii.

Wala usidhani sasa nitarudi ofisini. Jana niliichukua ngoma nikiwa sina la kumwambia mtu, mkono ukaanza wenyewe kulitaja jina lako la sifa.

Msalimie shemeji na wote wa nyumba ya Ilorin. Niombee, lakini usinikemee kwanza.

Mdogo wako aliyeko chini anayesubiri neno lako,
Rafiu