Kazi Ipo, Shangazi

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako na kutoka kwa wanangu wawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba ule mgongo wako umeacha ubishi. Sisi huku hatujambo. Kula tunakula, na kula huko ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Najua utasema Kijiti amekuwa mtu wa zamani, kwa nini asipige simu. Yapo maneno ambayo nikiyasema kwa simu nitalia kabla sijafika katikati, na simu zenyewe siku hizi naziogopa. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Kiwanda cha viatu kimefungwa, hilo ulishalisikia. Wewe ulikimbia vumbi la ngozi ukaenda zako kusoma, ukaniacha na mama yako, shangazi yangu, katika chumba cha kukagua jozi. Miaka kumi na moja nimekaa meza moja na shangazi, mimi nikitazama soli na mishono, yeye msimamizi akigonganisha visigino vya kila jozi sikioni. Alidai jozi halali hutoa mlio mmoja. Tulimcheka sana, lakini hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Kisha alitia alama kwa ile kalamu yake ya kijani, ambayo ukiiazima huna budi kumwachia kiatu chako kama rehani.

Siku kiwanda kilipofungwa alikuwa kitandani wiki ya pili. Karani wa utumishi alitukusanya uani akagawa barua za kuachishwa kazi. Unamjua mama yako na barua. Zamani aliona wenzake wakifukuzwa kwa maneno ya mdomoni, wakaenda zao, kisha wakaandikiwa kwamba wametoroka kazi na haki zao zikapotea. Tangu hapo akawa na msemo wake: mtu haachi kazi kwa fununu, barua mkononi, sahihi chini, ndipo unavua aproni. Jioni ile aliniuliza kama kazi ipo. Nikamwambia ipo, shangazi, wanakungoja upone. Akafurahi, akaomba uji. Siku ya nne akatutoka, nawe safari ikakuzuia, tukamzika bila wewe.

Nilipaswa kwenda ofisi ya mafao ya wasio na ajira ndani ya siku thelathini tangu siku ya mwisho ya kazi. Sikwenda. Nilikuwa nalala na kuamka kama gunia. Nilipofika pale ilikuwa siku ya thelathini na saba. Afisa wa dirisha la tatu, mtu mpole mwenye mafua yasiyoisha, alihesabu kwenye kalenda yake mara mbili, akasema pole sana mama, umechelewa, isipokuwa kama uliendelea na kazi baada ya wenzako.

Dada, nilidanganya. Nilimwambia mimi na msimamizi wangu tulibaki wiki mbili zaidi kumalizia jozi zilizokuwa mezani. Akauliza msimamizi huyo anapatikana kwa simu gani. Nikamtajia namba ya simu iliyokuwa juu ya meza ya shangazi pale kiwandani, nikijua kiwanda kimefungwa na simu haitapokelewa, nami ningepata siku mbili tatu za kutafuta uongo mwingine. Sikujua kwamba angepiga pale pale.

Ililia mara mbili tu. Afisa akasalimia, akajitambulisha, akataja jina langu lote. Akasikiliza kwa heshima, akiitikia ndiyo mama, naam mama, huku akiandika. Alipoweka simu aliniambia msimamizi wangu amethibitisha, kwamba kweli nilikuwa naye, na kwamba ni mama mkali lakini anaonekana kunipenda. Akagonga muhuri. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda, iwapo mashine bado zinafanya kazi, maana alisikia nyuma ya sauti yake kitu kama viatu vikigonganishwa.

Nilitoka pale nikijisemesha. Nikasema labda ni mwanamke mwingine, labda mtu wa usafi aliyetaka kunisaidia. Nilikwenda moja kwa moja kiwandani, jua la saa sita likiwaka. Mlinzi ni yule yule, Bwana Funguo. Nilimuuliza nani anapokea simu ndani. Akacheka, akanionyesha waya wa simu umekatwa na kuviringishwa ndani ya ndoo, akasema labda panya wameajiriwa. Lakini alinifungulia, akabaki mlangoni. Alisema chumba chetu yeye haingii, kwa sababu kina harufu ya dawa ya kuchua. Nawe unakumbuka mama yako alivyokuwa akijipaka miguu.

Meza zote zilikuwa na vumbi isipokuwa yetu. Jozi zimepangwa, kamba zimefungwa, alama ya kijani kwenye kila soli. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi. Nilifungua kurasa za nyuma, siku baada ya siku, tangu kesho yake ya mazishi. Kwenye mstari wangu ameandika kwamba nipo, kwa wiki mbili kamili, kama nilivyomwambia afisa. Baada ya hapo ameandika: hajafika, ana udhuru. Na kwenye mstari wake mwenyewe, kila siku, bila kuruka: naumwa, lakini nimefika.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu inakwenda mwezi wa tatu sasa. Mafao yanatoka miezi sita, na kila mwisho wa mwezi afisa hupiga simu kwa mwajiri kuhakikisha sijarudishwa kazini. Kila mara hupokelewa. Mwezi jana aliniambia msimamizi ameuliza ninarudi lini, kwa kuwa jozi zimemjaa mezani. Juzi afisa alisema sauti ya shangazi ilikuwa ya kuchoka, na kwamba alimuuliza yeye, mgeni wa watu, kama amesikia lolote kuhusu barua.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike. Siku ile uani karani hakunipa barua moja. Alinipa mbili, yangu na ya mama yako, akanisainisha kwamba nitamfikishia. Jioni aliponiuliza kama kazi ipo, barua yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti nilichokalia. Niliona ikimfikia itammaliza. Nilijiambia nitampa akipata nguvu. Amekufa akiwa mwajiriwa, dada, na mama yako si mtu wa kutoroka kazi.

Hilo ungeweza kunisamehe, lilikuwa la huruma. Lakini nimejua tangu siku ile ya daftari kwamba dawa ni hiyo barua, nami nimekaa nayo. Nilijiambia ingojee miezi sita iishe. Siku akitia sahihi ataondoka, simu haitapokelewa, na mafao yangu yatakatwa. Wanangu wamekula jasho la mama yako, na mimi nimelila pamoja nao. Nimemfanya kibarua wangu, yule aliyenilea sahani moja na wewe.

Juzi nilijikaza nikaipeleka. Nilifika hadi mlango wa chumba. Ndani visigino vilikuwa vinagongana, taratibu, jozi moja baada ya nyingine. Kisha vikanyamaza, kama mtu aliyesikia nyayo anazozijua. Nikakumbuka barua ina tarehe. Ataisoma tarehe, atajua kwamba jioni ile nilimtazama machoni nikamdanganya. Nilirudi nayo nyumbani. Mimi mwoga, dada, na nina aibu.

Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Haijafunguliwa. Wewe ndiye mwanawe, uje umpe mkononi, naye atie sahihi, avue aproni. Usinifikirie mimi wala mafao. Nimeanza kuulizia vibarua vya kufua. Bwana Funguo yuko zamu ya mchana, atakufungulia. Kalamu usibebe, anayo.

Msalimie sana shemeji na wote wa hapo kwako. Watoto wanakusalimu, mdogo ameota meno ya mbele na anajivuna nayo. Mama yako pia anakusalimu. Alimwagiza afisa aniambie nikuandikie, usiwe na wasiwasi naye. Miguu inamsumbua kidogo tu, na kazi ipo.

Mdogo wako,
Kijiti