Chungu kwenye sarafu

Joubert Park, Jumanne 14 Agosti 2018

Bado nimekasirika kidogo. Mteja wa mwisho alinilipa kwa sarafu tupu, na moja kumbe si randi tano, ni ya Peru. Mama Furaha, Mkongo ninayesuka naye saluni, alicheka hadi machozi: "Eish, dada, bamekudanganya! Tupa iyo."

Nilitaka kuitupa kweli, kisha nikaona picha ya chungu. Simu inasema ni sarafu ya ukumbusho wa vyungu vilivyofinyangwa huko kabla Wazungu hawajafika, na watu wa huko hununua nayo mkate kama hela yoyote. Tumbo pana, shingo fupi, mistari ya kuchora kwa kijiti. Mama yangu alifinyanga hivyo hivyo kule kwetu Matema, Ziwa Nyasa.

Shuleni walinitania, "Mfinyanzi hulia gaeni," hadi nikamwonea mama aibu. Hapa Joburg nimewaambia wote kwamba alikuwa mwalimu.

Kesho naenda Randburg, kwenye karakana inayotafuta mtu wa kufundisha ufinyanzi. Kiingereza changu kinanitia wasiwasi. Mikono, hapana.

Wakiniuliza nani alinifundisha, nitamtaja mama. Nimecheka peke yangu hapa kitandani: miaka yote hii, kumbe sikudanganya.