Kabla Hujauza Kiti cha Kunyolea

Mwanangu,

Wali uko kwenye sufuria. Anua nguo, mawingu si ya utani. Mnunuzi wa kiti chako cha kunyolea alipiga simu ukiwa bafuni. Atakuja saa sita na hela za huo mtaji wako wa kasino.

Asubuhi ulinitambia, "Mama, mkono unaopitisha wembe shingoni bila kumkwaruza mtu utashindwaje kuongoza dadu?" Ukazirusha nione. Moja ikatumbukia kwenye chai yangu. Ufundi ulioje! Bado imo kikombeni, usije ukaimeza.

Nimefundisha hesabu hadi nikastaafu, kwa hiyo nivumilie. Dadu mbili hutoa jumla ya saba, kwa wastani, mara moja katika sita. Ukiiwekea saba, haki ingekuwa ulipwe tano juu ya kila moja uliyoweka. Kasino inalipa nne. Hiyo inayobaki ndiyo inayowasha zile taa unazozisifu. Na ukiliwa mara tatu mfululizo, dadu haijui kwamba "sasa ni zamu yako." Haina kumbukumbu wala huruma.

~~Ufunguo wa saluni nimeondoka nao.~~ Ufunguo uko juu ya friji. Wewe ni mtu mzima na kiti ni chako.

Ila wafanyakazi wanaochezesha dadu kule kasino ni wateja wako. Akija mmoja kabla ya mnunuzi, mnyoe taratibu, umuulize kwa nini yeye, anayeshika dadu kutwa, bado anasubiri mshahara.

Mama yako