Simu Haishoni Kofia

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti, maana ya kwenye simu huwa unaipokea juu juu huku ukigeuza samaki. Natumai hujambo, na miguu haijambo, na ngazi za nyumba yetu ya Mlandege bado unazipanda bila ya kuzitukana. Mimi mzima huku Kanada. Baridi ipo, lakini baridi si ugonjwa, ingawa wewe unaihesabu hivyo.

Safari hii nimeandika kwa mkono, na barua nimeituma kwa Dada Rahma huko Chukwani aje akusomee. Rahma, soma pole pole, usiruke mahali hata ukimuona Mama anakunja uso. Na wewe Mama usimtume akutilie chai katikati. Nakuomba jambo moja kubwa, ukubali operesheni ya macho. Basi, nimeshalisema. Usisimame ukaenda jikoni, kaa kwanza nikupe habari zangu.

Kazi ni ile ile ya kugawa vifurushi kwa gari. Mikono imo ndani ya glavu, kioo kina ukungu, theluji inaanguka, na simu imekaa mbele yangu inaniambia kata kulia, kata kushoto, nenda moja kwa moja. Naiamuru kwa mdomo tu, inampigia mteja, inanisomea ujumbe, nami sijaachia usukani. Sitaki kuidhulumu, bila yake ningefukuzwa kazi wiki ya kwanza. Lakini nayo ina mambo yake. Juzi iliniambia nimefika, nami niko mbele ya ukuta wa ghala usio na mlango wala dirisha. Nikaiuliza mlango uko wapi, ikanijibu tena kwamba nimefika. Ikabidi nimuulize bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake, naye akanionesha kwa kidole.

Nyumbani nako, Hamadi, yule Mpemba ninayekaa naye, ameweka kispika juu ya kabati la jikoni, nacho ukikiita kinaitika. Kinatuhesabia dakika za wali, kinazima taa, kinatukumbusha sala. Ila Kiingereza cha Hamadi kina Wete ndani yake, na kispika kila mara kinamwambia hakijamfahamu, basi ananiita mimi nije nitafsiri Kiingereza kwa Kiingereza. Siku moja tulikiuliza mchuzi wa urojo unapikwaje, kikatuambia tutie jibini. Hamadi akakichomoa kwenye umeme, akasema, "Hichi hakina mama." Kesho yake alikirudisha mwenyewe, maana wali uliungua.

Simu niliyokuletea wewe ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote hivyo. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeisalimia. "Bi Simu, hujambo? Hebu nambie, magharibi saa ngapi leo?" Na ikishajibu unaipa ahsante yake. Unaiuliza hali ya hewa ya huku, halafu unanipigia kunigombeza: "We Sele! Bi Simu kanambia huko kwaanguka barafu. Soksi zi wapi?" Zamani meseji zako zilikuwa neno moja tu, "Mzima", tena baada ya siku mbili. Sasa zikawa zinakuja ndefu, na habari zote za mtaa, nani kaoa na nani kanuna, nami nikijua kwamba wewe unasema na simu inaandika. Wallahi nilifurahi, Mama. Nilikuwa nikijisifu kwa Hamadi kwamba nimempelekea mamangu msaidizi asiyechoka.

Kisha ikaja kofia, ile uliyompa jirani yetu Bi Saada aniletee alipokuja huku kumtazama mwanawe. Niliifungua asubuhi ya Idi. Mimi nimekulia miguuni pako nikikutilia uzi kwenye sindano, na viua vyako navijua, vile vitundu vidogo vilivyozungushwa uzi, vimepangana safu kwa safu mpaka mtu akivaa upepo unapita kichwani. Upande mmoja wa kofia ulikuwa mkono wako kabisa. Nikaizungusha. Upande wa pili vitundu vilikuwa vinatangatanga, vingine vimetobolewa na uzi havikupata. Na pembeni, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na doa la damu iliyokauka, ya kidole kilichochomwa sindano. Wewe uliyekuwa ukirudia kuifua kofia nzima kwa alama ya penseli, doa lile usingeliacha. Hukuliona.

Nikakupigia simu ya picha. Kofia nilikuwa nimeishika mkononi, sikuivaa, na kichwa kilikuwa wazi. Nilinyamaza tu nakutazama. Ukasema, "Mashaallah, Sele! Imekukaa. Umekuwa babako mtupu." Nikakwambia ahsante Mama, nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa na ubaya wowote. Nililia, mtu mzima mwenye ndevu, na Hamadi akaniletea maji akakaa kando yangu.

Nilipomwambia Rahma, alinibishia. Rahma, usione haya, lisome hili pia. Alisema, "Mama? Mama yuko sawa, bwana. Jana tu kanambia meseji ya skuli ya mwanangu Nasra imesema nini." Hukuisoma, Mama, ulisomewa. Rahma alipokuja kushinda nawe kutwa ndipo alipokuona unavyopapasa ukuta ukishuka ngazi, na unavyotia ncha ya kidole kikombeni ujue chai imefika wapi. Akakupeleka kwa daktari wa macho. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na huondolewa mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nawe ukasimama, ukajitanda buibui lako, ukamwambia, "Ahsante, mwanangu. Bi Simu hunambia kila kitu, mie nshazoea."

Najua haya si mambo ya simu. Ni mambo ya Baba. Baba alikwenda hospitali kwa miguu yake kupasuliwa tumbo, na akarudishwa kafunikwa shuka, na tangu hapo wewe ukipita njia ile unageuza uso. Sikucheki. Mimi pia naogopa, na hapa kalamu nimeiweka chini nikazunguka chumba kabla ya kuendelea. Lakini tumbo la Baba lilikuwa limeshaharibika, na madaktari walikwisha kutwambia mapema, ila sisi hatukutaka kusikia. Macho yako hayajaharibika. Yamefunikwa tu, Mama, na yanaweza kufunuliwa.

Simu sikunyang'anyi. Iendelee kukusomea na kukuhesabia saa za sala, na mimi uendelee kunigombeza kwa ushahidi wake. Lakini inakwambia magharibi imeingia, na haikwambii kwamba ngazini pamemwagika maji. Na kofia haishoni, nawe hujapata kuishi bila ya kofia mapajani tangu nikufahamu. Rahma anasema kile kikapu chako cha nyuzi umekisukuma chini ya kitanda. Hilo ndilo lililoniuma kuliko doa.

Ubaya wa kitu hiki ni kwamba kimekusaidia vizuri mno, mpaka sisi wanao tukaamini unaona. Umejificha nyuma yake, na umejificha kwa ufundi. Nimekukasirikia, halafu nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya gari, maana ni mama wa nani mwingine angeweza kutuzungusha watu wazima wawili kwa mashine asiyoiona? Nakupenda, Mama. Nakupenda na ujanja wako wote, lakini huu sasa uache.

Rahma ameshazungumza na daktari, na kinachongojewa ni neno lako. Liseme leo, mbele yake, kabla hajaikunja karatasi hii. Atakushika mkono mpaka pale atakapozuiwa, na mumewe atawangojea nje na gari. Mimi nimepata likizo ya mwezi ujao, ndipo nitakapokuja, operesheni imeshapita. Niliomba iwe mapema zaidi, hawakunipa, na hilo linanikera mpaka sasa.

Nisalimie shemeji, mwambie aendeshe pole pole siku hiyo asikutie hofu bure. Msalimie Bi Saada, mwambie ahsante tena ya mzigo, na mwanawe hajambo, kanenepa. Mjukuu wako Nasra mbusu, na mwambie aache kumuuliza Bi Simu hesabu za skuli, mwalimu wake si mjinga. Hamadi anakupa shikamoo, na anauliza urojo unatiwa nini, safari hii kwa mtu anayejua.

Siku nikifika, Mama, nitapanda ngazi kimya kimya, na nitaingia bila ya kupiga hodi. Hukunilea hivyo, na naomba radhi mapema. Sitatoa hata salamu, kwa sababu nikisema neno moja utanijua, na kwa sauti hata simu inanijua. Nitasimama mlangoni, ninyamaze, mpaka uinue uso unitazame, uniite kwa jina langu. Hapo ndipo nitakapoitika, "Naam, Mama."

Ni mimi kitindamimba wako, ninayekuombea usiku na mchana,

Suleiman