Namba za Jino la Mzee Hamisi

Jumatatu, 8 Januari
Mpunga tangu asubuhi. Kipima unyevu kinasoma, ordinateri, kompyuta ya depo, inaandika, mimi napiga muhuri. Mbichi haupokelewi hapa depo.
Saa nne akaja fundi kutoka Kigali. Kravati shingoni, kwenye joto hili la Bugarama! Kaweka programu mpya. Eti hii inakijua kipimo chetu tangu ilipozaliwa, haihitaji mipangilio yangu. "Maman, iko najua yote." Akafuta. Miaka sita ya namba zangu za kusahihisha kipimo, kidole kimoja tu. Pumbavu lenye manukato.

Jumanne, 9 Januari
Inajua yote! Inajua mpunga mrefu wa watu wengine. Huu wetu, mfupi mnene, inauita mbichi. Magunia kumi na mawili ya Mzee Hamisi yamerudishwa. Ndiyo mavuno yake yote. Ameanika siku tatu. Akavunja punje kwa kucha mbele yangu: ka! Kavu kabisa.
"Maman Josée, hii mashini yenu iko na meno?"
Nikatazama mawingu. Mvua ikimkuta, mpunga utaota ndani ya magunia.

Jumatano, 10 Januari
Nimempigia fundi. "Ilitengenezwa na bantu basomi, Maman." Wasomi! Punje ya mpunga hajaishika huyu, wali ndio anaoujua. Mwishowe akachoka: basi rudisha namba zako, mahali pa kuziandika bado papo, zitazishinda zile programu iliyozaliwa nazo.
Nikakata simu kwa raha. Halafu nikakaa.
Namba zipi?
Sikuzinakili popote. Kwa makusudi. Nilitaka depo isiweze kupumua bila mimi. Mficha uchi hazai. Pumbavu la pili ni hili hapa, na halina hata kravati.

Alhamisi, 11 Januari
Mvua kutwa nzima. Sina la kuandika.

Ijumaa, 12 Januari
Nimemwita Mzee Hamisi depo. Zamani namba tulizipata hivi: yeye anauma, mimi nasahihisha mpaka kipimo kikubaliane na jino lake. Nikamwomba turudie. Akacheka, akafungua mdomo. Jino liling'oka mwaka jana.
"Zaina atauma. Miye nitasikia."
Binti yake akauma punje mpaka taya zikamuuma. Mzee kafumba macho, anasikiliza mlio tu. Bado. Bado. Hapo!
Kipimo kilipokubaliana naye, tukapima magunia yake. Saba yamepokelewa. Matano yalilowa jana, yameshaanza kuota. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 13 Januari
Namba ziko kwenye daftari, kwa kalamu ya bic, na namna ya kuziingiza. Nimelifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, asome anayetaka. Nimeandika pia Zaina anakaa wapi.
Jua limetoka. Mzee Hamisi ameanika yale matano. Ya kuku.